Nilisema Nilisikia Sirene

Siyo njaa! Weye unasema kufunga siku tatu bila mayi kunaonyesha muntu bintu. Sawa, sema. Lakini minye njo nilikuwa pale, na ile nilipata ilikuwa ya kweli. Bongo, ule uongo, ilikuya kisha. Na ile bongo ni yangu, minye mwenyewe, hakuna shetani wa kulaumu!

Niko muntu wa mudomo. Mu muji yetu, kutoka mutaa wa Kikula mpaka wa Panda, banajua. Nilijisomesha mwenyewe, mu bitabu ya kutupwa, na kwa maneno nilikuwa nashinda hata bapasta. Ku grupu ya maombi nilienda ju ya Deo tu, rafiki yangu. Mwenye kugusa Deo alinigusa minye!

Baba yake, Papa Ilunga, alitumika ku usine ya Shituru, kiwanda ya shaba, maisha yake yote. Wakati usine ilikufa na sirene ya kuita bantu ku kazi ilinyamaza, na yeye alinyamaza. Alilala, aligeukia ukuta. Bukari, ugali yetu, hapana, mayi kidogo tu. Deo alikuwa analia kama mutoto.

Siku ya tatu ya kufunga, saa sita muchana, bantu bote banapiga kelele ya maombi, minye kuwapita. Mara moja... kimya. Eh, bandugu! Niliona vumbi mu mwangaza wa dirisha, na nilisahau jina yangu. Akili iliishia pale. Sauti hakuna, neno hakuna. Lakini kulikuwa mwenye kunijua, kabisa, mpaka mu mifupa! Nilianguka chini, nililia tu.

Sasa, mu grupu yetu, mwenye kuanguka mu Roho harudi mikono mitupu. Lazima arudie na neno ya Mungu kwa muntu fulani. Mama Berta, mwenye kutuongoza, alinishika kichwa.

"Mwana, Mungu alisema nini? Neno ni ya nani?"

"Hakusema kitu, mama."

"Mungu akuangushe bule? Toa!"

Nilimuona Deo, macho mekundu. Mudomo ilifunguka yenyewe: "Ni ya Papa Ilunga. Nilisikia sirene. Asubuhi moja itamuita."

Deo alikimbia kumuambia, na Papa aliamuka ile siku ile! Alikula. Alifua salopeti yake ya bluu, nguo ya kazi. Tangu pale, kila asubuhi anaikala ku mulango, kaske, ile kofia ngumu ya kazi, ku magoti, anangojea. Deo alinikumbatia mpaka mbavu iliniuma. Na minye nilicheka, mupumbafu minye!

Kisha njaa iliingia. Mama ya Deo alisema: "Twende kwa kaka yangu, Bukama, kule kuko mashamba."

Papa alikataa. "Sirene ilie na minye siko? Batanifuta ku liste ya bantu ba kazi!"

Mama alienda na batoto badogo. Deo alibakia na baba yake. Ju ya nani? Ju yangu!

Papa alikauka, alikohoa. Nilienda kumuambia ukweli. Vile nafungua mudomo, aliinua kidole.

"Ssss, mwana. Unasikia?"

Na ile kimya ilirudia. Ile ile! Ilitufunika shiye babili. Niliogopa, bandugu. Nilikimbia. Papa alikufa ile juma, pale pale ku kiti, na salopeti yake.

Ku kaburi, Deo aliniuliza polepole: "Mon frère, ndugu yangu, ulisikia kweli?"

Nilisema: "Nilisikia."

Sasa mama yake anatuma bantu bamuite, Deo anakataa. Iko pale ku mulango, kaske ya baba ku magoti. Minye nafunga, nasali, ile kimya hainitaki tena. Kila asubuhi naamuka na sirene mu masikio, na usine ilikufa zamani!

Mungu akikunyamazia, nyamaza na weye. Usimupe mudomo yako.

Na weye, ulisimama juzi mbele ya bantu, ulisema "Mungu aliniambia." Ulisikia kweli?