Spoku ya Dhahabu

Juu ya meza yangu ya kufundishia hapa Kindu kuna vipande vitatu vya spoku za baiskeli. Wanafunzi wapya hudhani ni vya kuwachapa vidole. Sikanushi; heshima huanzia popote.

Nilivikata wakati wa vita. Chuo kikuu kilikuwa upande wa pili wa mapigano, nami nimekwama nyumbani, nimebakiza jambo moja tu: kutetea kazi yangu ya kumaliza masomo. Nilikuwa nimeandika juu ya kabeni na metali za sarafu, yaani shaba, fedha na dhahabu. Kabeni ni kaboni inayokaa kati ya nitrojeni mbili, kwenye pete ya pembe tano, ikiwa na elektroni mbili isizozitumia. Ikikutana na metali huisogezea elektroni hizo, na hapo kifungo huzaliwa. Mji mzima ulikuwa ukitafuta chumvi. Mimi nilitafuta urefu wa kitu kisichoonekana.

Profesa wangu naye alikuwa amekwama, ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa shemeji yake. Alisema angenisikiliza na kutia saini kabla ya kuondoka na ndege ya Jumapili. Bila saini hiyo, miaka yangu yote ya masomo ingebaki hadithi ya kusimulia kwenye matanga. Karatasi hakuzitaka.

"Ujenge," alisema. "Kitu unachokijua unaweza kukijenga."

Mjomba wangu, fundi baiskeli, alinipa spoku akilalamika kwamba ninaua gurudumu zima. Nilikunja pete tatu za waya, ziwe kabeni. Kutoka kila pete nilitoa spoku moja iliyonyooka, ndiyo kifungo, na kwenye ncha nikabandika kitufe cha udongo nilichokipaka rangi ya metali yake. Jedwali la vipimo lilikuwa limepotea pamoja na sanduku langu, basi nikatumia akili: shaba ni nyepesi, spoku fupi, fedha ya kati, dhahabu ni nzito, spoku ndefu kuliko zote. Nilijivunia akili hiyo kwa siku mbili.

Alhamisi nilifika kivukoni. Askari wa waasi alinyanyua kazi yangu kwa vidole viwili.

"Weye mwanafunzi wa ndevu, hii njo nini? Antene? Unaongea na Kinshasa?"

"Hapana, mukubwa. Njo kemia. Hii shaba, hii feza, hii zahabu."

Mtu mwenye digrii karibu mkononi alikuwa ametamka neno "dhahabu" mbele ya mwenye bunduki. Watu kwenye mtumbwi waligeuza nyuso zao upande wa maji.

Askari alikibandua kitufe cha manjano, akakipima kwa kiganja. Kisha akacheka.

"Miye nilichimba kule Kama, kwa machimbo ya zahabu, haunidanganye. Zahabu iko kadogo, lakini mukono unaisikia. Kadogo na kazito!" Akakiponda. Udongo mtupu. "Pita. Na kichwa yako, wakuangalie."

Profesa alipokea dhahabu isiyo na kichwa, akachukua rula, akapima. Akapima tena, kwa huruma.

"Fedha ndiyo ndefu kuliko zote. Dhahabu iko kati yake na shaba. Umekosea."

"Nitabadilisha vitufe, Profesa. Dakika moja."

"Hata shemeji yangu anaweza kubadilisha vitufe. Uniambie kwa nini. Jumamosi."

Sikuwa na kitabu. Nilikaa nyuma ya karakana ya mjomba siku nzima, nikikasirika, na kila nilipoanza upya nilimsikia yule askari: kadogo na kazito. Chembe ya dhahabu inakaribia uzito wa chembe mbili za fedha, lakini haizidi chembe moja ya fedha kwa ukubwa. Ndiyo maana mkono unaisikia. Basi kuna kitu kinachoibana. Hapo somo la zamani likarudi. Kiini kizito cha dhahabu hukimbiza elektroni zake za ndani kwa kasi inayozidi nusu ya ile ya nuru, na tabaka la nje huvutwa ndani. Kabeni husogea karibu zaidi, kifungo hufupika na kukaza. Fedha hushika kwa ulegevu, hata maabara huitumia kuibeba kabeni na kuikabidhi kwa dhahabu.

Jumamosi askari alikuwa palepale. Alipima kitufe kipya.

"Ingali nyepesi."

"Ndiyo, mukubwa. Lakini leo iko fupi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akanipisha.

Profesa aliuliza kwa nini mara nne, kila mara akirudi nyuma hatua moja katika hoja yangu. Mara ya tano aliomba kalamu. Hakunipongeza; alisema tu kwamba mikunjo ya pete zangu ni ya aibu. Ndege iliondoka na karatasi yangu yenye saini ndani yake.

Kila mwaka mwanafunzi mmoja huninyooshea spoku ndefu na kuniambia kwa uhakika kwamba hiyo ndiyo dhahabu. Simsahihishi. Nampa rula, namwambia arudi Jumamosi.