Mpira Uliokuja Upande wa Kushoto

Timu yetu ya wanawake ilicheza raga ya watu kumi na watatu, na kazi ya kuwachagua hao kumi na watatu tuliifanya watu wawili: mimi na fundi cherehani mmoja wa mjini Muyinga. Mimi nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima na kupata kazi ya kufundisha michezo shuleni. Yeye alizaliwa palepale Muyinga, katika familia ya Waislamu wanaoishi kwa biashara na ushonaji, na alikuwa hajawahi kuucheza mchezo huo. Ila alikuwa na jicho. Akimpima mtu jezi, alijua nani ana mabega na nani anaficha goti bovu.

"Huyu muuza mihogo ya Gashoho, muweke mbele," aliniambia siku za mwanzo. "Mgongo yake iko kama mlango."

Nikamweka mbele. Akawa mtu wetu wa kutegemewa, wa kuubeba mpira na kuingia kifua kwa kifua, aanguke, asimame, aurudishe nyuma kwa mguu, aanze tena. Katika mchezo huu mkiangushwa mara sita mpira unakuwa wa wapinzani, kwa hiyo anayesogeza hata hatua tatu kila mara ni mali.

Shida ilianzia Gitega. Asubuhi ya mechi winga wetu wa kushoto alivimba kifundo cha mguu. Mimi na fundi tukajitenga, tukaamua wawili tu kumweka msichana mgeni kutoka Mwakiro, mwenye mbio sana lakini mikono ikimtetemeka mpira unapotoka juu. Tulipomaliza, fundi alisogea pembeni na simu, akaongea chini chini, akacheka. Dada yake ameolewa Gitega, na shemeji yake ni shabiki mkubwa wa timu ya pale.

Mpira wa kwanza waliopiga juu ukamwendea mgeni wetu. Wa pili vilevile. Wa tatu akauangusha, wakafunga. Tukashindwa.

Njiani kurudi niliwashuku hata wachezaji wetu wawili. Lakini kila nilipojiuliza wamejuaje, jibu liliishia kwenye sura ya fundi.

Tangu siku hiyo nikawa namchunguza. Simu yake ikilia, nasikiliza. Akiongea Kirundi haraka, nahisi ananificha. Siku moja mazoezini, winga wetu akiwa bado hajapona, aliniuliza, "Kule kushoto tutaweka nani?" Kesho yake akauliza tena. Swali lilelile ambalo zamani ningelijibu bila kufikiri, sasa nililisikia kama la mpelelezi.

Gitega walipokuja Muyinga kwa marudiano, niliandika orodha mbili. Ya uongo nilimpa fundi ashonee namba: mgeni wa Mwakiro kushoto, kama zamani. Ya kweli nilibaki nayo. Humo nilimtoa beki wetu wa nyuma kabisa, mdakaji hodari kuliko wote, nikampeleka kushoto. Nyuma nikaweka mwingine, mzito wa miguu, na mgeni nikamsogeza katikati.

Kiwanjani nilipoisoma orodha ya kweli, fundi alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akikaza bukta ya mtu. Akazitoa pini.

"Dada, hii si ile liste."

"Nimebadilisha."

"Lini? Mbona mi hukuniambia?"

Nikajifanya kutafuta filimbi. Kwa kuwa namba hufuata nafasi, wasichana wakavaa jezi za wenzao, nyingine zikibana, nyingine zikining'inia.

Mechi ilipoanza, mpira wa kwanza wa juu ukaenda kushoto. Beki akaudaka. Nilifurahi, furaha mbaya ya mtu aliyemkamata mwizi. Wa pili ukaja kulekule, na wa tatu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini wanaendelea kumpigia anayedaka kila kitu. Mimi sikujiuliza. Wakati huo huo walikuwa wanapita kwenye pengo nililolifungua nyuma mwenyewe, wakafunga mara mbili.

Mapumziko nilimwendea fundi mbele ya wote.

"Dada yako wa Gitega ulimwambia nini siku ile?"

"Nilimwambia apike haricots, maharage ya watu kumi na saba. We ulikula sahani mbili."

Akachukua mfuko wake na kuondoka, akikatiza katikati ya watazamaji. Hakuna aliyemwita.

Tulishindwa tena. Mwishoni kocha wa Gitega alikuja kunipa mkono, nami nikamuuliza kwa ujanja kwa nini mipira yote ya juu wanaipiga kushoto kwetu.

"Mpigaji wetu goti lake halizunguki," alisema. "Hana upande mwingine wa kupigia. Nilidhani umeliona, ndiyo maana leo umemweka mdakaji kule."

Kesho yake nilikwenda kwenye cherehani yake. Aliniacha nimesimama mpaka mteja akaondoka.

"Ungeniuliza tukiwa wawili, ningekusamehe palepale," alisema bila kuinua macho. "Lakini ulisema mbele ya watu. Basi ukaseme mbele yao tena."

Nikasema. Mazoezi yaliyofuata nikawaeleza wote kwamba nilimsingizia, na kwamba kosa lilikuwa langu. Muuza mihogo akauliza, "Mwalimu, na sisi ulitushuku?" Nikajibu ndiyo, wawili kati yenu. Hawakuuliza ni nani, ila niliwaona wakitazamana, na mpaka leo nikifungua karatasi ya majina huwa wananitazama mikono, kama nimeshika ya pili.

Fundi alirudi mazoezini baada ya wiki kadhaa. Hatukai tena wawili pembeni. Akiwa na neno, analisema watu wote wakisikia. Siku aliyorudi alisimama kando ya mstari, akawaangalia wasichana wakipasiana, kisha akamwonyesha mgeni wa Mwakiro kwa kidole.

"Huyu mkono yake inatetemeka akingojea. Kama hangojei, iko mzuri. Muache pale katikati."

Nilikuwa nimemweka pale kwa hila tu, bila kufikiria kama panamfaa. Nikamwacha. Katika mechi mbili zilizofuata ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Fundi alimshangilia kwa sauti kubwa, akamkumbatia. Mimi alinipa salamu ya kawaida, akaanza kukusanya jezi.