Odessa Mbele ya Swali la Tisa

Ngojeni niwakalishie Odessa Tharpe hapa mbele yenu. Ni mshonaji wa majoho ya kwaya hapa kwetu Harlow, kusini mwa Georgia, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi la mzee Grady. Mzee alipofariki duka likafungwa, ardhi yake imelowa dawa ya kusafishia suti. Odessa akalitaka liwe lake la kushonea, maana nyumbani majoho yalishamfukuza hadi jikoni.

Jimbo lina mpango wake: ukinunua ardhi iliyochafuliwa, huandamwi kwa uchafu wa zamani. Mradi uombe kabla ya kununua, na uchafu usiwe wako.

Sasa, swali la tisa kwenye fomu: "Je, mwombaji amewahi kuchangia uchafuzi huo?"

Kalamu ikagoma. Kila Ijumaa mzee Grady alikuwa akimpa ndoo ya masalia ya dawa. "Kamwage nyuma, Dessa." Naye alikuwa akimwaga.

"Andika hapana," Maybelle, dada yake, alimnong'oneza pale kwenye ofisi ya jimbo. "Grady yuko kaburini. Nani atakusema?"

"Mimi."

"Mwenzangu, wezi husubiri polisi. Wewe unajifunga pingu mwenyewe!"

Odessa akaandika ndiyo.

Afisa wa jimbo, Bi Corliss, aliisoma mara mbili. "Unajua jibu hili laweza kukutoa kwenye mpango?"

"Najua, mama."

"Ulikuwa na hisa dukani?"

"Nilikuwa na pasi tu."

Bi Corliss hakucheka. "Mwanasheria wetu ndiye ataamua."

Wiki mbili, kimya. Mtoto wa Grady, mrithi wa duka, akapata mnunuzi mwingine, akampa Odessa mpaka Ijumaa adhuhuri. Maybelle alivunjavunja maharagwe mabichi kama anayevunja shingo za kuku.

Alhamisi simu ikalia. Odessa akachomeka sindano kwenye joho, akapokea.

"Umekubaliwa," alisema Bi Corliss. "Kibarua aliyetumwa hahesabiwi mchafuzi. Barua itakufikia kesho asubuhi. Usitie sahihi ya kununua kabla hujaishika. Ila mpimaji atataka umwonyeshe mahali ulipomwaga."

Maybelle alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Odessa akaziba simu kwa kiganja, akamtazama, kisha akakiondoa.

"Si mahali pamoja tu, mama. Ni mahali panne."

"Dessa!"

"Subiri," alisema Bi Corliss. "Nichukue kalamu."