Lori la Karisa na Kiti cha Pili

Enzi zetu, sisi tuliokulia Gongoni kando ya barabara iendayo Garsen, gari la kuchezea halikununuliwa dukani. Ukitaka gari, unaliunda. Mkebe wa samli ndio bodi, ndara iliyokatika ndiyo magurudumu, na waya wa ua la jirani, ambao sote tulisema tumeuokota, ndio ekseli. Watoto wa leo wakivunjikiwa na kigari wanalia mpaka wanunuliwe kingine. Sisi kilio chetu kilikuwa mkebe, kwa sababu mama zetu walikuwa bado wanapimia unga, na mkebe usiotoboka haukutoka jikoni hivi hivi.

Magari tuliyoyapenda zaidi yalikuwa ya jeshi. Kila baada ya muda msafara wa malori ya kijani ulipita ukielekea kaskazini, na mngurumo wake ulitufikia mapema, ukitetemesha vikombe. Tulitoka mbio na matonge ya sima mkononi. Wenzetu walikwenda kuwapungia askari mikono. Sisi tulikwenda kusoma. Magurudumu ya nyuma ni mangapi, spea imening'inia wapi, turubai limefungwa kwa kamba au kwa mikanda. Vumbi likitulia tunarudi uani kugombana nani ameona sawa. Wasichana wa rika langu walikuwa wakisuka wanasesere wa maganda ya mahindi. Mimi nilikuwa Kadzo wa malori, na shangazi zangu walikuwa wakimuuliza mama ni mwanamume gani atakayeoa fundi wa vifaru. Alipatikana, na mpaka leo hajui kubadilisha gurudumu.

Shida yangu ilikuwa hamu. Ilikuja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga. Nilianza kifaru, kikakosa mzinga. Nilianza deraya, ikabaki bila magurudumu. Binamu yangu Kahindi, tuliyelingana umri, aliunda magari mabaya kupindukia, lakini yalitembea. Yangu yalipangwa ukingoni mwa uchaga juu ya meko, yakila moshi, mazuri na hayajakamilika. Mama alikuwa akisema, "Nyumba hii ina gereji kubwa na hakuna hata gari moja la kunipeleka sokoni."

Likizo za Agosti mimi na Kahindi tulipelekwa Marafa kwa Hawe, mamake baba. Kwetu Wagiriama nyanya ndiye hawe. Nyumba yake ilikuwa karibu na Nyari, lile korongo ambamo ardhi ilimeguka yenyewe ikabaki minara ya udongo mwekundu, mweupe, wa manjano na wa waridi. Leo watu hulipa kuliona. Sisi tuliambiwa tusilikaribie jua likianza kuinama, na tulitii, maana hata mchana upepo ukipita mle chini ulikuwa na sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili. Hawe alizoea kutupikia sima na mboga chungu ya mchunga iliyoungwa kwa tui zito, akatutania mpaka chakula kikatupalia. Mwaka ninaoukumbuka hakutania mtu. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa mekundu. Baba mdogo, aliyekuwa akikaa naye, alituambia kwamba Hawe halali. Kila akifumba macho anaota, anashtuka, anaketi mpaka kuche.

Likizo hiyo ndipo nilipoanza lori kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaanza. Nilipata debe la mafuta ya kupikia lililotoboka, nikalikata, nikalinyoosha kwa jiwe, nikaanza kukunja kichwa cha lori, sehemu ya dereva. Hawe alipita na ndoo ya maji, akalitazama, akatua ndoo na kuketi palepale vumbini. Aliniuliza lile ni gari la nani. Nikasema langu.

"Karisa alikuwa na kama hilo," alisema.

Jina hilo tulilijua kwa mbali tu. Karisa alikuwa kakake Hawe. Wakati wa vita vya Hitla alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akafundishwa udereva, akavushwa bahari mpaka Bama, huko Asia. Baadaye jamaa waliambiwa kwamba aliingia msituni na lori lake wakati wa mvua kubwa, na hakutoka, yeye wala lori. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Wazee walimchongea koma, kile kigingi kifupi cha mti tunachomsimikia marehemu nyumbani ili awe na pa kufikia, wakakifunga kitambaa, wakakimwagia tembo la mnazi. Aliyekwisha kusimikiwa kigingi chake kwa kawaida hutulia. Karisa hakutulia. Alimjia Hawe ndotoni akiwa amelowa, matope mpaka magotini, na neno lake lilikuwa lilelile: ni mbali, na hana usafiri.

"Waweza kulimaliza hilo, mwanangu?" Hawe aliniuliza. Aliniuliza kwa unyenyekevu, kama mtu aliyefika kwa fundi, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuzungumza nami hivyo. Nikasema naweza. Kahindi, aliyenijua, alikohoa.

Na kweli alinijua. Wiki haikwisha, hamu ikaisha. Ndara zilipasuka nilipozitoboa, boneti ilikataa kukunjika, vidole vyangu vilijaa mikato ya bati. Nikalifunika lori kwa kikapu pembeni mwa chumba nikaenda zangu kucheza. Asubuhi iliyofuata kikapu kilikuwa palepale na lori lilikuwa mlangoni, limeelekea nje. Magurudumu yake mawili, ndiyo pekee niliyokuwa nimeyafunga, yalikuwa na tope jekundu, bichi. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule. Marafa yote ilikuwa vumbi na maji tuliyafuata mbali. Nilimkamata Kahindi shati. Aliapa kwa mamake kwamba si yeye, nikamwamini. Nililifuta tope kwa kanga kuukuu. Lilinuka majani yaliyooza, harufu ya mahali pasipopata jua.

Ningelitupa Nyari lori lile, nasema kweli, maana niliogopa. Aliyenizuia ni Hawe. Alikuja kukaa nami kila siku kivulini mwa nyumba, akaanza kunihadithia habari za Karisa, na kila alipofika patamu alinyamaza akaonyesha kwa kidole kipande kilichobaki. Nikikunja boneti, ananieleza jinsi Karisa alivyoiba kuku wake wa kwanza, yeye Hawe, akamla na rafiki zake, kisha akamlilia kuku huyo kuliko mwenyewe. Nikifunga madigadi, ananieleza siku aliyoondoka, alivyokataa kugeuka nyuma kwa sababu alikuwa analia. Siku hizi watoto wanabandikiwa mabango ukutani ya kuwatia moyo, wanapigiwa makofi kwa kuamka tu. Hawe alinitia moyo kwa kuninyima mwisho wa hadithi, nami nikakata bati mpaka kiganja kikawa kigumu.

Alikuwa na masharti pia. Milango lazima ifunguke. Nikatengeneza bawaba za waya, kazi ya kukutoa machozi, mpaka mlango wa kulia na wa kushoto ukafunguka na kufungika. Nilipoweka kiti cha dereva akaniambia niweke kiti cha pili. Nikauliza ni cha nani.

"Wewe weka," alisema, akatazama pembeni.

Rangi tuliifuata Nyari, asubuhi, pamoja na baba mdogo, ambaye alipiga hodi kwa sauti kabla ya kuchimba udongo kama mtu aliyefika kwa watu. Hakuna aliyeitika, lakini hatukukaa sana. Udongo tuliusaga, tukauchanganya na utomvu wa mkorosho uliolowekwa. Mkono wa kwanza wa rangi ulibanduka wote kwa sababu bati lilikuwa bado na mafuta. Nikalisugua upya kwa majivu. Kijani hatukuwa nacho. Nilikaribia kukata tamaa tena, mpaka Kahindi alipoangusha mkaa katika udongo wa manjano, na nilipokuwa nikimtukana nikaona rangi inageuka mbele yetu, manjano na weusi vinakuwa kijani kizito kilekile cha malori ya barabarani. Furaha niliyoipata siku ile sijaipata hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Mimi niliyekuwa sijamaliza kitu maishani, sasa nilitaka kumaliza kupita kiasi. Lori lilipokauka nikaona lina upungufu: halina dereva. Nikachonga mtu wa mti laini, nikampa kofia, nikambandika kwenye kiti kwa utomvu, bila kumwambia Hawe. Asubuhi nilimkuta mtu wangu amelala kizingitini, kifudifudi, mzima, hana alama ya kuvunjika. Utomvu ulikuwa umeng'oka safi. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na unyevu, kama mahali alipoketi mtu mwenye nguo mbichi.

Hawe alimwokota yule mtu akanirudishia. "Kiti kile kina mwenyewe," alisema. "Sasa limekwisha."

Siku hiyohiyo tulilipeleka kwenye koma ya Karisa, nyuma ya nyumba. Nililiweka mbele ya kigingi na kulielekeza Nyari, mgongo kwa boma, kwa sababu nilitaka likae mbali nasi. Hawe alimwaga tembo kidogo, akamwambia nduguye kwamba gari ni hilo, limeundwa na mjukuu wake, asidharau. Kesho yake tulikunywa chai, jua likapanda, Hawe hajaamka. Baba mdogo alikwenda kumtazama akarudi anatabasamu, akasema amelala fofofo. Hawe alipotoka alikuwa na uso mwingine. Alisema Karisa amepita. Hakushuka, alipiga honi na kumwinulia mkono. Mchana huo alilitazama gari la Kahindi akacheka mpaka akashika ukuta.

Miaka iliyofuata kila likizo nilikwenda kulitazama lori. Lilipata kutu, rangi ilififia, mbuzi walilizunguka bila kuligusa, na watoto wa boma walilikwepa bila kuambiwa. Lilikuwa palepale, limeelekea Nyari. Nami nikawa mtu wa kumaliza mambo. Kifaru changu kilipata mzinga na deraya ikapata magurudumu.

Hawe alitutoka mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa nasoma sekondari Kilifi. Ilikuwa Januari, kiangazi kikali, ardhi imepasuka. Nililia njia nzima kutoka Malindi. Baada ya mazishi, mchana, watu wakiwa wanakula, nilijitenga nikaenda nyuma ya nyumba, kwa sababu nilihisi naitwa na sikutaka mtu anione.

Lori lilikuwa limegeuka. Lilikuwa limeelekea boma, mlango wa Hawe hasa. Magurudumu yote yalikuwa na tope jekundu, bichi, linanuka yale majani. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa. Mlango wa upande wa pili, ule niliohangaika na bawaba yake, ulikuwa wazi kabisa.

Sikukimbia. Niliogopa, ndiyo, lakini huzuni yangu ilipungua hapohapo, na niliyajua majukumu yangu. Niliinama nikaufunga ule mlango taratibu, kwa kidole kimoja, kama unavyomfungia mzee mlango wa gari baada ya kuangalia kwamba nguo yake haikubanwa. Kisha nikarudi kwa watu nikala. Jioni baba mdogo alipokwenda kwenye koma, hakukuta lori, na hakuna aliyeliona tena.

Yule dereva wa mti ninaye bado, dirishani, na kofia yake. Juzi nilimkuta mjukuu wangu ameletewa kifaru kutoka supamaketi ya Malindi, kimekamilika tangu ndani ya boksi, kina rangi nzuri isiyobanduka, taa na mlio. Alikichezea kabla ya chakula, na baada ya chakula alikuwa amekisahau chini ya kiti, amerudi kwenye simu. Simlaumu, kitu hicho hakikuwahi kumwomba lolote. Nilikiokota nikavaa miwani nikakikagua pande zote. Kuna mlango mmoja ubavuni, nao umechorwa tu. Haufunguki. Tangu siku hiyo nimeacha kutupa mikebe.