Flashi Kutoka Piyaya

Ukitaka uongo mtamu, kakae na madereva wa watalii hapa Karatu wakuhadithie habari za simba. Mimi ni fundi kompyuta. Kwangu kitu kinawaka au hakiwaki, basi. Haya yalinikuta mwenyewe, alasiri, akili timamu, tumboni nina chai tu.

Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka juu kwenye kreta ya Ngorongoro mpaka barabarani. Magari yalipita yamewasha taa. Nilikuwa peke yangu dukani alipoingia mzee wa Kimaasai, mrefu, ndewe ya sikio la kushoto imechanika. Nikamwamkia, akaitikia. Akaweka mezani kiflashi cha bluu kilichofungwa uzi wa shanga nyeupe.

"Humu kuna maneno ya binti yangu," alisema. "Jumamosi wazee wanakaa kikao. Yasiposikika, anaozwa."

Akanieleza taratibu kwamba ametoka Piyaya, kijiji kilicho ng'ambo ya hifadhi ya Ngorongoro. Alikuwa amerekodi kwa simu siku yeye na mdogo wake walipokubaliana kwamba binti atasoma mpaka achoke mwenyewe. Sasa mdogo mtu amekana, na mchumba ameshapatikana.

"Si wewe ndiye baba yake? Kwa nini usiwaambie?"

"Siku hizi nikisema, hawasikii."

Nikamwonea huruma. Ni wazee wangapi wanapuuzwa majumbani mwao?

Nikachomeka flashi kwenye laptopu. Ikaleta ule ujumbe unaoujua: lazima kufomati kwanza. Mafundi wengi tuna ubishi, tunabonyeza ndiyo halafu tunahangaika na programu za kurudisha mafaili. Kidole kilikuwa njiani, niamini, mzee alipolaza fimbo yake juu ya kibodi.

"Inakuuliza nini?"

"Inataka nikubali ifute kila kitu, ndipo isome."

"Kataa."

Nikakataa. Nikahamia kwenye kompyuta kuukuu iliyo kwenye kona, ile ya kuchapia barua, nikachomeka kwenye tundu la nyuma, maana ya mbele yamechoka na hayatoi umeme wa kutosha. Ikafunguka. Faili moja tu, sauti. Nikaicheza kidogo: wanaume wawili wanaongea Kimaasai, na mmoja alikuwa huyu huyu aliyesimama nyuma yangu. Nilijiona bingwa wa mabingwa.

Kawaida yangu ni kumfungulia kila mteja folda kwa jina lake. Nikamuuliza lake.

"Langu halitajwi," alisema. "Andika Naserian. Ndiye atakayekuja."

Nikadhani ni maringo ya kizee. Nikaandika, nikanakili, nikamrudishia flashi. Nikamwonya kwamba geti la Ngorongoro linafungwa saa kumi na mbili, Piyaya hatafika leo. Akasema atafika, akatoka kwenye ukungu.

Kesho yake asubuhi akaingia msichana na mama yake.

"Shikamoo kaka," alisema yule msichana. Akavua uzi shingoni, akaweka mezani kiflashi cha bluu chenye shanga nyeupe. "Kina sauti ya baba. Mafundi wa Loliondo wamesema kimekufa."

Nikacheka. "Wewe ni Naserian, siyo? Baba yako alikuwa hapa jana nacho."

Hakuna aliyecheka nami. Mama aliongea kwa Kimaasai, binti akatafsiri: huyo mtu alikuwaje? Nilipofika kwenye lile sikio, mama akakaa chini sakafuni. Nikauliza jina la mzee wao.

"Kwetu marehemu hatajwi jina," Naserian alijibu. "Tulimzika kabla ya masika. Na flashi hii jana ilikuwa shingoni mwangu, tuko njiani."

Niliogopa, sitakuficha. Nikaichomeka kwenye laptopu, kisha kwenye ile kuukuu, mbele na nyuma. Haikuwasha hata taa yake ndogo. Ilikuwa imekufa kabisa. Kisha nikafungua folda yenye jina lake, na faili lilikuwamo.

Nikataka kumwekea Naserian kwenye simu, lakini kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa mpya mno, mashine ile kuukuu haikuielewa. Nikaunganisha mashine mbili kwa waya ili zishirikiane folda. Laptopu ikasema haimwoni mwenzake, kisha ikadai nywila ambayo hakuna aliyewahi kuiweka. Nikaondoa dai la nywila, nikawasha ile njia ya zamani ya kushirikishana mafaili, zikasikilizana. Ilinichukua saa nzima, lakini sauti ikaingia kwenye kadi.

Tukasikiliza hadi mwisho. Mama alijifunika uso kwa shuka.

"Baba anauliza, umekubali?" Naserian alinong'ona. "Baba mdogo anajibu, nimekubali, na ng'ombe wangu wasikie."

Jumamosi wazee walisikia sauti hiyo, na baba mdogo mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao, asiweze kukana tena. Naserian sasa yuko kidato cha tano.

Mimi bado ni fundi, na bado najiamini. Ila kitufe cha kufomati sikibonyezi kabla sijajaribu kila tundu, na ile mashine kuukuu siiuzi kwa yeyote. Na wewe unayenisikiliza, najua una sauti ya mtu wako kwenye kiflashi fulani ndani ya droo. Inakili leo, sehemu mbili, kiflashi kingali hai. Huyu wa Piyaya aliijua njia ya kuja dukani kwangu. Wako huenda asiijue.