Picha ya Kichwa cha Yaya

Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi namwita Yaya tu, alianguka na pikipiki karibu na Mavivi, akitoka kuchukua mzigo uwanja wa ndege. Alipopona, jambo moja halikurudi: ukali wake. Mtu aliyekuwa akibishania bei ya vitunguu mpaka muuzaji anaomba maji, sasa alikubali bei ya kwanza na kusema aksanti. Soko lote la Beni lilimpenda. Sisi wa nyumbani ndio tuliogopa, kwa sababu posa ya binti yake ilikuwa imefika, na baba ndiye hukaa mbele kupokea mbuzi.

Kwetu mbuzi wa mahari hawapokelewi kwa tabasamu. Unamfungua mdomo, unatazama meno, unamkataa mmoja hata kama ni mzima, ili wakwe wajue binti hakuokotwa. Yaya wa zamani alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Familia nyingine zilikuwa zinakuja kumuazima.

Picha za kichwa tulizipigia Uganda, nikazipeleka kwa daktari wa Butembo. Alinionyesha doa nyuma ya paji la uso.

“Fasi hii inasaidia mutu kujizuia,” alisema.

“Donc upole wake uko hapo?”

“Pole pole, papa. Hata kama hangeanguka, ubongo wake na wako haingefanana, sawa vile sura hazifanane. Kuna batu banapima: fasi fulani ikiwa nene kidogo, mara ingine mwenyewe ni mwangalifu, fasi ingine, ni mutu wa wasiwasi. Mais tofauti ni kidogo sana. Kwa picha hauwezi kusoma tabia ya mutu.”

Nikajaribu kupatana naye. Tuseme nusu ya upole ni ya doa, nusu ni yake mwenyewe? Akakataa. Robo? Akacheka.

“Hiyo bei, papa, hakuna mutu anaijua.”

Kwenye kikao cha ukoo nilieleza yote, lakini walichosikia ni doa tu. Baba mdogo, mkubwa wa nyumba yetu tangu baba afariki, akakata shauri: “Yeye atakaa nyuma. Weye utasema kwa fasi yake.”

Yaya alikuwa hapo hapo. Akaitikia kama alivyoitikia bei ya vitunguu. Binti yake, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini.

“Baba yangu hajakufa. Kama hakai mbele, mimi pia sitatoka chumbani.”

Ikabidi tupatane: Yaya mbele, mimi kando yake, nimfinye goti akitokea mbuzi wa kukataa.

Nikirudi nyumbani nilifikiri sana. Mimi nahesabu chenji mara mbili, na nikifika kwangu naanza upya. Hakuna aliyewahi kunipeleka Uganda kwa ajili hiyo. Pengine nami nina kipande kilichonenepa mahali fulani; kwangu kinaitwa akili, kwake kinaitwa ugonjwa. Na ule ukali wa zamani, nani alisema huo ndio ulikuwa Yaya wa kweli?

Wakwe wakafika kutoka Masereka. Mbuzi wao mmoja alikuwa mbavu tupu. Nikafinya. Yaya akanitazama, akawatazama wageni.

“Mudogo wangu ananifinya goti,” alisema kwa sauti. “Anataka nikatae huyu. Ni kweli, amekonda. Mais nyinyi mumetoka mbali, naona haya kumukataa.”

Baba mdogo akafunika uso. Mama mmoja wa upande wao akaangua kicheko. Msemaji wao akasimama, jasho likimtoka.

“Papa, ni sisi tuone haya. Huyu anarudi. Tutaleta mwingine, na mwenzake juu.”

Sijui lilisema doa au alisema Yaya. Nilitafuta pa kuvitenganisha viwili hivyo, sikupaona. Baba mdogo hata hakutafuta. Siku ya kuletwa mbuzi hao wawili, alibeba kiti cha mbele yeye mwenyewe.

“Kaa, mutoto yangu. Sema vile unaona.”

Mimi nikapangwa mlangoni, kutazama meno.