Askari wa Chelangat

Chelangat alikuwa fundi wa nguo pale Kiptere, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Kila Jumamosi alasiri alifunika cherehani, akasukuma vitambaa kando, na meza ya kukatia ikageuka nchi ya mwalimu Kimeli.

Kimeli alifundisha historia, na ndiye aliyekuwa mchumba wake. Mwalimu mmoja mzungu, alipomaliza muda wake wa kujitolea, alimwachia mchezo wa ajabu. Mmoja anabuni nchi, wengine wanajifanya watu wa nchi hiyo na kusema wanachotenda, kisha dadu zenye pande nyingi zinaamua kama wamefaulu. Mwanzoni walihangaika na majumba ya mawe na theluji. Kepher, makanika wa kiwandani aliyecheza nao, alikuwa akisinzia palepale mezani. Nani Kiptere ana habari na theluji? Ndipo Kimeli akaitupa theluji na kuleta mambo ya kwao: Chemosit, zimwi la mguu mmoja linalokula watu, uvamizi wa kuteka ng'ombe, viapo vya mashujaa. Kepher akaamka, hata wateja wakawa wanasimama mlangoni kusikiliza.

Mwaka wa tisini na sita mwalimu akanogewa kupita kiasi, akaleta laiboni, yule mtabiri na mganga wa zamani. Katika nchi yake laiboni alikuwa mchawi mbaya, na wachezaji walikuwa askari waliotumwa kuuhamisha ukoo wake mzima.

Tangu hapo usingizi wa Chelangat ukaharibika. Watu wake walikuwa Talai, ukoo wa malaiboni ambao mkoloni aliufukuza hadi Gwassi, kando ya ziwa. Waliporudi, baba yake alijiandikisha ukoo mwingine, ili majirani waache kuogopa laana na binti zake waolewe. Sasa wazee wa Kimeli walikuwa wanakuja kwa koito, siku ya posa, na jambo la kwanza kuulizwa ni ukoo. Akijulikana, huenda akampoteza mwanamume huyu pamoja na wateja wake. Na alimpenda, hilo lisitiliwe shaka.

"Mmefika kwa laiboni," Kimeli akasema kwa sauti ya chini. "Wimbi bado liko kwa jiwe la kusagia. Ndama wamefungwa. Kuna mama hapo ndani, amebeba mtoto mgongoni. Amri ni kuchoma. Chelangat, askari wako ako mbele. Unafanya nini?"

Chelangat aliijua nyumba hiyo. Nyanya yake alililia lile wimbi mpaka siku aliyokufa.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa babu. Alikuwa askari wa chifu, yeye ndiye alivunja mlango." Alisema kwa fahari kabisa. "Si inanoga? Historia ya ukweli inapatia mchezo damu."

Kepher hakucheka. "Mimi nimezaliwa Gwassi, mwalimu. Hao watu malaria iliwamaliza. Baba alikuwa anatuonyesha makaburi."

"Ni mchezo tu, bwana. Chelangat, rusha dadu."

Alizishika. Angeweza kurusha, nyumba ichomeke, wanywe chai, aolewe. Alichukia jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa rahisi. Akazirudisha mezani.

"Askari wangu anavua sare. Anaingia ndani anakaa na huyo mama."

"Basi atahamishwa pamoja nao," Kimeli akasema, bado anatabasamu. "Nimuweke kwa hao watu?"

"Muweke. Mimi niko kwa hao watu tangu nizaliwe. Huyo mtoto wa mgongoni ni baba yangu."

Kepher akainuka polepole, akatoka nje. Kimeli alibaki akiitazama meza, tabasamu limemfia mdomoni.

"Wazee wanakuja wiki ijayo," akasema hatimaye. "Babu ndiye ataongea. Nimwambie nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Chelangat, na hakujisumbua kuyafuta.

"Mwambie aje," akasema. "Lakini mara hii apige hodi."